Nyundo, Sindano na Sekunde Saba

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza, maana adabu hutangulia ubishi, kisha nalitamka dai langu bila kuzunguka: kichakataji cha kompyuta nilichomchagulia mama ni bora kuliko kile ulichokipendekeza wewe. Ni bora kwa kazi, kwa akili unde na kwa michezo, na nitalithibitisha hilo mpaka ukose pa kusimama.

Huku mimi ni mzima. Nimehamia chumba cha ghorofa ya tatu chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na nimekwisha kuzoeana na ukuta huo. Ofisini wamenipa meza yangu mwenyewe. Nisalimie mkazamjomba, na umwambie mdogo wangu kwamba mhudumu wa duka la dawa kama yeye anayecheza michezo ya kompyuta kila atokapo kazini hajafanya jambo la kujivunia.

Nakuandikia kwa karatasi, tena kwa anwani ya karakana yako, kwa sababu unayoijua. Tangu daktari alipomwondolea mama uvimbe wa koo na sauti yake pamoja nao, simu za nyumba ile hazina siri. Mama huandika anachotaka kusema kwenye simu yoyote iliyo karibu, na husoma ujumbe wa kila mtu. Sitaki asome mabishano yanayohusu kinywa chake.

Sasa tupime. Wateja wako wanaviita vichakataji hivi viwili Nyundo na Sindano, na majina hayo yananitosha. Nilizichukua kompyuta mpakato mbili zinazolingana kwa kila kitu isipokuwa kichakataji. Kwa kazi: nilizipa rekodi ya mazungumzo ya saa tatu ziigeuze kuwa maandishi. Nyundo ilimaliza kwa dakika kumi na moja, Sindano kwa kumi na nane. Kwa michezo, aibu tupu: katika mbio za magari Nyundo ilichora picha mia moja na arobaini kwa sekunde, Sindano sitini na mbili. Kwa akili unde, ambayo ndiyo hoja yenyewe, nilizipa ile sauti niliyoijenga kutokana na rekodi za mama, zile ulizozichukua wewe karakanani, ukatundika mablanketi ukutani, akasoma siku kumi na moja kabla ya upasuaji. Sentensi ya maneno manne iliyochapwa: Nyundo iliitamka kwa sehemu nne za kumi za sekunde, Sindano kwa tisa za kumi. Nimepima mara mia mbili na kumi. Ninayo majedwali.

Wewe unanitajia kile kipande kidogo ndani ya Sindano kinachoshughulikia akili unde kwa umeme haba. Mjomba, hilo ni pambo la matangazo. Mbio hupimwa kwa saa, hazipimwi kwa jasho la mkimbiaji. Mashine yenye Nyundo imekwisha kutumwa, na sauti imo ndani. Uifungue, uiwashe, umpe, kisha uniandikie ukweli.

Ni mimi mpwa wako.

*

2 Machi

Profesa wangu,

Marahaba, baba. Sisi huku tunasukuma siku. Mkazamjomba wako goti linamsumbua, kila akiinuka linalia kabla yake. Mdogo wako ameongezewa zamu dukani. Karakana inavuja juu ya zile printa, nami nimeweka ndoo, na wateja wanauliza kama ndoo nayo iko kwenye matengenezo.

Mashine imefika salama. Imefungwa vizuri, mkono wako nauona. Nimeiwasha. Inafanya kazi.

Kiti cha dada yangu, mama yako, tumekisogeza kwenye kona, karibu na soketi. Pale anaona mlango vizuri. Feni ya mashine ina pumzi, inavuma kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi, lakini tunazoea. Watu wakija kumwona wanakaa upande ule ule.

Majedwali yako nimeyasoma. Sina la kubishana na namba.

Mama yako anauliza utapiga simu lini umsikie. Ameniambia nisiandike hilo, nami nimeliandika.

Ni mimi mjomba wako, Bisibisi.

*

23 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Afya yangu ni njema, ila kikohozi kidogo cha vumbi la ofisini. Nasikitika kwa goti la mkazamjomba, na kwa printa zako zaidi, kwa kuwa goti lina daktari.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Uliposema huna la kubishana na namba, nilikuona mkubwa kuliko nilivyokuwa nikikuona. Watu wa rika lako huona haya kushindwa na watoto waliowabeba mgongoni. Wewe umeshindwa kwa heshima, nami nimeamua heshima hiyo isifie ndani ya bahasha.

Utaona nimeambatanisha jarida la chama chetu cha wahandisi vijana. Ukurasa wa sita ni wangu. Nimevilinganisha vichakataji vyote viwili, majedwali yote yamo, na mwishoni nimetoa ushahidi wa matumizi halisi: mgonjwa mmoja, mkalimani wa mahakama kwa miaka ishirini na sita, aliyepoteza sauti na sasa anazungumza kwa msaada wa Nyundo. Nimenukuu kauli ya fundi wake, mzoefu wa miaka mingi: "Inafanya kazi." Sikukutaja jina. Wasomaji wameniandikia kunipongeza, na mmoja, ambaye ni mtetezi wa Sindano, amenyamaza kabisa.

Kuhusu simu, ratiba yangu kwa sasa hainipi nafasi. Nikipiga, nataka nipige nikiwa nimetulia. Mwambie mama hivyo, kwa maneno yako.

Ni mimi mpwa wako.

*

19 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sina salamu ndefu. Hujanijibu tangu nikutumie jarida, na kimya kingi kina mshindo mkuu; mshindo wenyewe nimeusikia jana.

Mdogo wangu ameniandikia kwenye simu, nanukuu: "Kaka, asante kwa mashine! Gari langu sasa halikamatiki, wenzangu wote nawaacha kwenye kona." Nikamuuliza mashine gani. Akajibu: "Si hii uliyomletea mama? Mjomba kanipa." Nikamuuliza mama anatumia nini. Akasema nikuulize wewe.

Nakuuliza kwa maandishi, nawe unijibu kwa maandishi. Ni nani aliyekupa idhini? Nilimtumia mama yangu kinywa. Wewe umekigeuza kuwa kichezeo cha magari, ukaniacha nisimame mbele ya chama kizima nikilinukuu neno lako. Ikiwa Nyundo ilikuwa na kasoro, kwa nini uliandika kwamba inafanya kazi? Ikiwa haikuwa na kasoro, kwa nini umeiondoa? Moja kati ya hayo mawili ni uongo, na yote mawili ni yako.

Ni mimi.

*

11 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkazamjomba wako sasa anatembea kwa fimbo, lakini anatembea. Bati limebadilishwa, ndoo imestaafu. Mdogo wako usimgombeze. Hakujua kwamba kuna la kuficha.

Nilikaa kimya kwa sababu kila nilipoanza kuandika, kalamu ilitaka kukutukana. Nikangoja ipoe. Haijapoa sana.

Ndiyo, nimeibadilisha. Jarida lako lilinikuta nimeshabadilisha siku tano kabla. Dada anatumia Sindano, nimeitoa kwenye rafu ya karakana yangu, nikaihamishia ile sauti. Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Jumamosi ya katikati ya Machi walikuja wageni. Dada akaniandikia kwenye karatasi: "Leo sikai kwenye kona. Mimi si jokofu." Tukacheka, tukamtoa nje barazani, mashine juu ya mapaja, waya wa umeme tukauacha ndani. Alikuwepo fundi cherehani jirani yetu na mkewe, na mimi, na mkazamjomba wako. Mazungumzo yakanoga. Fundi cherehani akajisifu: "Mimi na mke wangu, mwaka wa kumi na tisa huu, hatujawahi kugombana!"

Mkazamjomba wako akanigusa kiwiko, akasema, "Amejipalia makaa, huyu." Kwa sababu sote tulimwona dada anavyochapa. Unaijua ile sura yake, anapokuwa na jibu. Tangu upasuaji sikuwa nimeiona.

Akabonyeza. Tukangoja. Mashine inavuma tu. Simu ya mke wa fundi ikaita, akaiweka sikioni, uso ukabadilika, akasema, "Baba amelazwa. Hajitambui."

Hapo ndipo mashine ilipofungua mdomo. Kwa sauti ya dada yangu, kubwa, safi, yenye furaha: "Utagombana naye saa ngapi, na zamu yako ya kuongea haijafika tangu harusi?"

Mke wa fundi alimtazama dada. Waliondoka na viti vikabaki vinatazamana.

Dada aliifunga ile mashine, na siku tisa hakuifungua. Mwanamke aliyekuwa akigeuza maneno ya shahidi kabla shahidi hajafumba mdomo, siku tisa aliongea nasi kwa kutikisa kichwa. Nikiuliza anataka nini, anatikisa kwamba hataki. Siku ya tatu niliichukua nikaenda nayo karakanani, nikaipima kwa ile sentensi yake mwenyewe. Sekunde saba.

Takwimu zako ni za kweli, zote. Nimezirudia moja moja. Hilo ndilo linaloniuma, maana ungekuwa umedanganya ningejua pa kukushika. Lakini ulipima mashine ikinyonya umeme wa ukutani. Ukichomoa waya, Nyundo inajibana ili kulinda betri, na baada ya nusu saa ya joto inajibana tena. Na ulipima sentensi ya maneno manne. Ni nani katika ukoo huu aliyewahi kumsikia mama yako akisema maneno manne? Kile kipande ulichokiita pambo la matangazo ndicho kinachomtamkia maneno yake kwenye Sindano kabla sekunde haijaisha, waya uwepo usiwepo, asubuhi mpaka jioni, bila feni kuvuma, bila kumchoma mapaja. Kwa michezo Nyundo ni mfalme, nakubali, na ndiyo maana iko kwa mdogo wako. Kwa kazi kubwa za mezani pia ningeichukua mimi mwenyewe. Kompyuta ya mama yako haikai mezani. Inakwenda na yeye.

Unauliza kwa nini niliandika kwamba inafanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi, akiwa kwenye kona. Niliona waya ule, nikaona anavyogeuza shingo kuwatafuta watu, nikasema kijana ametuma kwa moyo wake, tutazoea. Hilo ni langu.

Sasa nikwambie lako. Programu yako ina kasoro. Kila sentensi inapoanza, silabi ya kwanza inamezwa, kwa sababu spika inachelewa kuamka. Kwenye Nyundo inamezwa, kwenye Sindano inamezwa. Nimekuandikia utani ule ukiwa kamili, lakini hata siku ile haukutoka mzima. Mwenye masikio angeligundua hilo kwenye sentensi ya kwanza. Wewe ulipima mara mia mbili na kumi.

Kwa hiyo najua ulivyopima. Ulizima spika. Ulihesabu muda na hukusikiliza, hata mara moja. Umetujengea sauti ya mama yako na hujawahi kuisikia, na simu hupigi usije ukaisikia.

Kasoro nimeirekebisha, nimetanguliza kimya kidogo mwanzoni mwa kila sentensi. Dada aliniuliza ilikuwa nini. Nikamwambia ni spika zangu mbovu za karakana. Akanichapia: "Fundi mbovu hulaumu spika." Ilitoka papo hapo. Sote tulicheka, na mimi nilicheka kwa ajili yako.

Ni mimi mjomba wako.

*

30 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, na salamu zangu zimfikie mkazamjomba na fimbo yake. Mimi ni mzima wa mwili.

Nina dai jipya, nalo nalitamka wazi kama la kwanza: mimi nilikosea kupima, lakini wewe ulikosea kusema, na kosa lako ndilo lililomweka mama kwenye kona kwa wiki kadhaa.

Nianze na langu, usije ukasema nimelikimbia. Ni kweli, nilizima spika. Nilikaa na rekodi zile miezi miwili, nikazikata sentensi kwa sentensi, na sikuwahi kutetereka, kwa kuwa zile zilikuwa za mtu mwenye koo lake. Sauti ilipokamilika nikaweka kidole juu ya kitufe na nikashindwa. Nilijiambia kwamba mtaalamu hahitaji kusikia, kwamba sikio ni shahidi dhaifu na namba haina huruma. Kumbe nilizipenda namba kwa sababu zilinihurumia, nisisikie. Waya wa ukutani sikuufikiria, na sentensi ya maneno manne niliichagua kwa kuwa ilikuwa fupi. Hayo nimeyaandika, na kwa mhariri wa jarida nimekwisha kuyapeleka. Yatatoka toleo la Juni, ukurasa ule ule wa sita, jina langu juu yake. Jedwali la pili limo: bila waya, baada ya nusu saa, sentensi ndefu. Nimelipima upya kwa vichakataji vyote viwili. Kwa Nyundo nimepata sekunde saba na moja ya kumi. Ulikuwa sahihi, na kama kawaida yako hukuandika ile moja ya kumi.

Sasa lako. Wewe ni fundi. Mtu akikuletea mashine inayochelewa, hukai nayo wiki kadhaa ukimsogeza mwenyewe karibu na ukuta. Unaifungua siku hiyo hiyo, unamwambia mteja, hata akikununia. Mimi ulinifanya mteja gani? Uliona waya, ukaona shingo yake inavyogeuka, ukachukua kalamu, ukaniandikia maneno mawili. Ungeandika "anachelewa kusikika", ningeipima upya jioni ile ile, na ule utani barazani ungetoka kabla simu haijaita. Ungeniandikia tusi, ningejibu kwa tusi, na mama angeongea. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulificha maradhi ya mwingine, akaumbuka yeye, mbele ya mwanamke ambaye baba yake alikuwa hajitambui.

Utaiita adabu. Mimi naiita dharau. Uliniona bado ni yule unayemshika mkono kuvuka barabara, asiyeweza kuambiwa kwamba amekosea. Na hata baada ya kunikamata umenifichia tena, ukasingizia spika za karakana. Sikukuomba. Mtu anayefichiwa makosa yake na ndugu zake huendelea kuyafanya, kisha huyachapisha ukurasa wa sita.

Usidhani nakuandikia nikiwa nimekushinda. Nakuandikia kwa sababu ubishi huu tumeufanya juu ya kichwa chake miezi minne, kwa bahasha, kwa anwani ya karakana, na wa kwanza kutaka iwe hivyo nilikuwa mimi. Nilisema sitaki asome mabishano yanayohusu kinywa chake. Nani mwingine alikuwa na haki zaidi ya kuyasoma?

Kwa hiyo sitaki barua nyingine. Nimeomba likizo. Jumapili ya tarehe kumi na nne Juni, saa nne asubuhi, nitakuwa sebuleni kwenu. Waite wote: mkazamjomba, mdogo wangu, fundi cherehani na mkewe, ambao nina deni la kuwaomba radhi kwa kinywa changu. Barua hizi zote sita zisomwe kwa sauti mbele yao, za kwangu nizisome mimi na za kwako uzisome wewe, bila kuruka mstari. Kisha usimame unijibu: kwa nini uliandika kwamba inafanya kazi? Unijibu mbele yao wote, si karakanani, si kwa kuninong'oneza mlangoni.

Tukimaliza sisi wawili, aamue mama. Miaka ishirini na sita mahakama ilimpa maneno ya watu wengine ayageuze, na haikumuuliza siku moja yeye anaonaje. Safari hii aulizwe. Aseme ni nani kati yetu aliyemkosea zaidi, kwa sentensi ndefu kadiri apendavyo. Nitakaa mbele yake, karibu na spika, na sitaondoka kabla hajamaliza.

Ni mimi mpwa wako.